Uchoraji wa Nuru na Rangi: Somo Lililopotea Kati ya Madarasa Mawili

Katika shule zetu za sekondari mwanafunzi hufundishwa habari za rangi mahali pawili. Katika darasa la Fizikia huambiwa kwamba mwanga mweupe ukipita katika prizimu ya kioo hugawanyika ukawa rangi saba, naye hukariri majina yake kwa mpangilio. Katika darasa la sanaa, kama shule ina bahati ya kuwa na darasa hilo, huambiwa kwamba rangi za msingi ni tatu, yaani nyekundu, manjano na buluu. Naye huchora gurudumu lake la rangi, akapewa alama, mambo yakaishia hapo. Mwalimu wa kwanza hamtaji wa pili, wala wa pili hamtaji wa kwanza. Mwanafunzi akithubutu kuuliza inakuwaje mwanga uwe na rangi saba ilhali boksi la rangi lina tatu, na ilhali kioo cha televisheni kinatumia tatu nyingine zisizokuwa hizo, aghalabu hujibiwa kwamba swali hilo halimo katika mtihani.

Makala haya yanakusudia kutetea jambo moja. Misingi ya uchoraji wa nuru na rangi ni elimu ya kutazama na kupima, si elimu ya majina. Kwa hiyo hapana budi ifundishwe kwa majaribio, ianzie kwenye weupe na weusi kabla ya kugusa rangi nyingine yoyote, na mwalimu wa Fizikia na mwalimu wa sanaa waifundishe kwa kushirikiana. Sisemi hivi kwa kutaka kila kijana awe mchoraji. Nasema kwa sababu mtu ambaye hajajifunza kuona kilicho mbele ya macho yake, badala ya kile anachodhani kipo, hawezi kuwa mwanasayansi mzuri hata kama kanuni zote anazo kichwani.

NENO MOJA, MAMBO MATATU

Chanzo kimoja cha mkanganyiko wetu ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili, rangi ni kile tunachokiona katika ua la mkrismasi, na rangi ni kile kilichomo katika kopo la dukani. Twasema ukuta una rangi nzuri, na twasema ukuta umepakwa rangi. Mwanasayansi hana budi kuongeza jambo la tatu, nalo ni mwanga wenyewe ambao, kabla haujafika machoni mwa mtu yeyote, una mawimbi yenye urefu wa kadiri fulani: kama nanomita 400 kwa upande wa zambarau na kama 700 kwa upande wa nyekundu.

Basi yako mambo matatu: mawimbi ya mwanga, dutu inayopakwa, na hisia inayozaliwa katika jicho na ubongo. Mambo haya yanahusiana, lakini si kitu kimoja. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Misri karibu na mwaka 1040, alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni, na kwamba jicho halitoi miali ya kwenda kuvigusa vitu. Isaac Newton, katika barua yake iliyochapishwa mwaka 1672 na baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1704, alionyesha kwamba prizimu haiutii mwanga rangi bali huzitenganisha zilizokuwamo tayari. Hesabu ya saba haikuletwa na maumbile. Rangi za upinde wa mvua zinaendelea bila mipaka, na Newton alichagua saba kwa kuzilinganisha na noti saba za muziki.

Lugha yetu ina jambo jingine la kutufunza. Tazama majina ya rangi katika Kiswahili. Kijani ni cha majani; kijivu ni cha jivu; manjano ni kiungo cha mchuzi; zambarau ni tunda; kahawia imetokana na kahawa; samawati ni ya mbinguni. Karibu kila rangi tumeiita kwa jina la kitu. Ni tatu tu zilizo sifa kamili, zenye kupatana na ngeli: twasema kitambaa cheupe, kitambaa cheusi, kitambaa chekundu. Zilizobaki hatuna budi kusema kitambaa cha kijani, kitambaa cha manjano.

Katika hali hiyo mchoraji anapata mtego na msaada. Mtego ni kwamba tukisha kuiita rangi kwa jina la kitu, huwa wepesi wa kuamini kwamba rangi imekaa ndani ya kitu bila kubadilika: jani ni la kijani asubuhi, mchana na jioni. Msaada ni kwamba sifa zetu za kale kabisa zinaanza na weupe na weusi, yaani na kiasi cha mwanga. Huko ndiko mchoraji anapopaswa kuanzia.

WEUPE NA WEUSI KWANZA

Mpe mwanafunzi yai jeupe, karatasi na kipande cha mkaa, umwambie alichore yai hilo likiwa mezani karibu na dirisha. Wengi watachora mstari wa mviringo wakaliacha katikati jeupe, kwa kuwa wanajua ya kwamba yai ni jeupe. Wamechora jina la yai. Mwalimu akiwataka wafinye macho mpaka vitu vipoteze ukali wake, wataanza kuona kwamba upande unaoelekea dirishani ndio tu wenye weupe halisi. Kwamba weupe huo unafifia polepole kadiri yai linavyojipinda kulikwepa dirisha. Kwamba mahali penye kiza zaidi hapako ukingoni bali ndani kidogo ya ukingo, kwa kuwa meza inarudisha mwanga kidogo chini ya yai. Na kwamba kivuli kilichoangukia mezani ni cheusi zaidi pale yai linapogusana na meza, kisha kinalegea. Aliyeyaona haya ameona sheria ya fizikia ikifanya kazi: kiasi cha mwanga kinachoangukia uso wa kitu hutegemea pembe ya uso huo kwa chanzo cha mwanga.

Wingi wa mwanga hutudanganya kuliko tunavyodhani. Jua kali la mchana hutoa kama luksi 100,000 juu ya ardhi. Ndani ya darasa lenye madirisha ya kawaida huenda tukapata luksi 300. Karatasi nyeupe hurudisha kama sehemu 80 kwa 100 za mwanga unaoiangukia, na kitambaa cheusi kama sehemu 5 kwa 100. Piga hesabu. Koti jeusi lililoanikwa juani hurudisha 5 kwa 100 ya 100,000, yaani 5,000. Karatasi nyeupe iliyo darasani hurudisha 80 kwa 100 ya 300, yaani 240. Koti jeusi, basi, linaleta machoni mwanga mwingi mara 20 kuliko karatasi nyeupe! Hata hivyo hakuna anayeliona koti kuwa jeupe wala karatasi kuwa nyeusi, kwa maana ubongo hausomi wingi wa mwanga peke yake. Huulinganisha na mwanga uliopo mahali hapo.

Jambo hili lina matokeo makubwa kwa mchoraji. Chukua nyumba yenye ukuta mweupe ulio juani, na mlango ulio wazi ambao ndani yake kiza kimetanda kiasi cha luksi 100. Kati ya ukuta ule na kitambaa cheusi kilichotundikwa ndani ya mlango ule, uwiano wa mwanga ni 80,000 kwa 5, yaani 16,000 kwa 1. Mchoraji ana nini? Ana karatasi inayorudisha 80 na mkaa unaorudisha 5, yaani uwiano wa 16 kwa 1. Hawezi kuunakili mwanga wa jua hata akiwa na vipaji vyote vya dunia. Mwanafizikia wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alilieleza jambo hili katika mihadhara yake juu ya uchoraji katika miaka ya 1870: mchoraji hanakili, bali hutafsiri. Huchukua uwiano mkubwa akauminya katika uwiano mdogo, na picha ikasadikika kwa sababu jicho nalo husoma uwiano.

Mwalimu wa Hisabati naye ana nafasi yake hapa. Mwambie mwanafunzi atengeneze ngazi ya vijivu tisa, kutoka weupe wa karatasi hadi weusi wa mkaa, ili kila hatua ionekane sawa na mwenzake. Atadhani kijivu cha katikati kinapaswa kurudisha nusu ya jumla ya 80 na 5, yaani 42 na nusu. Akijaribu ataona kijivu hicho kimekaa karibu mno na weupe. Jicho hukubali hatua kuwa sawa pale ambapo kila namba inagawanywa kwa kiasi kile kile, si pale ambapo inapunguzwa kwa kiasi kile kile. Kutoka 80 hadi 5 kwa hatua nane, kigawanyo ni kipeo cha pili cha 2, nazo namba zitakuwa kama hivi: 80, 57, 40, 28, 20, 14, 10, 7, 5. Kijivu cha katikati hurudisha moja ya tano tu ya mwanga. Huo ndio mfuatano wa kijiometri, ambao mwanafunzi huusoma kwa mifano ya fedha za benki, na hapa anaweza kuuona kwa macho yake.

KIVULI SI CHEUSI

Baada ya ngazi ya vijivu, rangi ikaribishwe. Na mlango wake wa kwanza uwe kivuli, kwa kuwa hapo ndipo mazoea ya majina huvunjika.

Tandaza karatasi nyeupe uwanjani wakati wa jua kali, usimamishe fimbo ili kivuli chake kiangukie juu ya karatasi. Kisha toboa tundu dogo katika kipande cha kadi ya kijivu, ukitazame kivuli kupitia tundu hilo ili usione kitu kingine. Utaona kwamba kivuli kina ubuluu. Sababu yake si ya kiini macho. Jua limezuiwa na fimbo, lakini mbingu haikuzuiwa, nayo inaendelea kuiangazia karatasi kwa mwanga wake wa buluu. Na mbingu ni ya buluu kwa sababu chembe za hewa hutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu. Kwa kanuni aliyoieleza Rayleigh mwaka 1871, wimbi la buluu la nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko wimbi jekundu la nanomita 650.

Sasa mwanafunzi ageuke atazame chini ya upenu wa baraza, mahali ambapo uwanja ni wa udongo mwekundu. Kivuli kilichoko huko hakielekei mbinguni bali kinaielekea ardhi. Kwa hiyo hakina ubuluu, kina wekundu wa udongo uliopigwa na jua. Vivuli viwili, saa ile ile, nyumba ile ile, na rangi mbili mbalimbali. Aliyeyaona haya hatapaka tena kivuli kwa kuchanganya weusi tu. Atauliza kwanza: mahali hapa panaangaziwa na nini?

Claude Monet wa Ufaransa alilitumikia swali hilo kwa bidii. Kati ya mwaka 1892 na 1894 alichora zaidi ya mara thelathini uso wa kanisa kuu la Rouen, jengo lile lile, katika saa na hali ya hewa mbalimbali. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilipata kuziona baadhi ya picha hizo zikiwa zimetundikwa pamoja. Jiwe ni lile lile. Katika picha moja ni la buluu, katika nyingine ni la dhahabu. Mtu aliyefundishwa kwamba jiwe ni la kijivu angesema mchoraji amekosea. Kumbe mchoraji alikuwa ameacha kuchora jiwe, akawa anachora nuru iliyo juu yake.

Hata hivyo hatuna budi kujihadhari tusiazime masomo ya watu pamoja na anga lao. Vitabu vingi vya uchoraji tulivyorithi viliandikwa kwa ajili ya nchi ambako jua hukaa chini. Jijini London, adhuhuri ya mwezi wa Desemba, fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha karibu mita 3.7. Dar es Salaam, iliyo kama nyuzi 6 na dakika 48 kusini mwa Ikweta, fimbo hiyo hiyo, adhuhuri ya mwezi huo huo, hutoa kivuli cha sentimita 30 tu, nacho huelekea kaskazini. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huwa kama sentimita 58, nacho huelekea kusini. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini na fimbo iliyosimama wima ikakosa kivuli kabisa, kati ya saa sita na saa saba mchana.

Kwa hiyo ile kanuni mashuhuri kwamba chumba cha mchoraji kiwe na dirisha la kaskazini ili jua lisiingie, ni kanuni ya Ulaya. Kwetu jua litaliingia dirisha hilo kwa miezi mingi ya mwaka. Vivyo hivyo ile desturi ya kuchora uso wa mtu ukiangazwa kutoka ubavuni na juu kidogo. Adhuhuri yetu hushuka toka juu: huweka kiza katika matundu ya macho na chini ya pua, kisha udongo ukarudisha wekundu chini ya kidevu. Kijana wa Morogoro au wa Mombasa anayenakili kivuli cha kitabuni anachora nuru ambayo hajapata kuishi ndani yake.

RANGI ZA MSINGI NI NGAPI?

Turudi katika lile swali lisilojibiwa. Mwaka 1802 Thomas Young wa Uingereza alipendekeza kwamba jicho lina vipokezi vya aina tatu. Tunajua leo kwamba alikuwa sahihi: katika retina zimo seli za koni za aina tatu, zikipokea zaidi mawimbi mafupi, ya kati na marefu. Hivyo utatu haumo katika mwanga. Umo katika jicho la binadamu. Mbwa ana aina mbili, na ndege wengi wana nne. Laiti ndege wangelikuwa na shule za sanaa, wangelifundishana rangi za msingi nne.

Tukichanganya miali ya mwanga, tunajumlisha. Nyekundu, kijani na buluu zikikutana ukutani hutoa weupe. Hivyo ndivyo kioo cha televisheni na cha simu kifanyavyo kazi: weka tone dogo la maji juu ya sehemu nyeupe ya kioo cha simu, nalo tone litakuza vijisehemu vya rangi hizo tatu, wala hutaona cheupe hata kimoja.

Tukichanganya rangi za kopo, tunatoa. Rangi ya manjano hufyonza buluu ikarudisha kijani na nyekundu. Rangi ya buluu hufyonza nyekundu ikarudisha buluu na kijani kidogo. Zikichanganywa, kila moja hufyonza sehemu yake, na kinachonusurika ni kijani. Kwa hiyo rangi zifaazo kuwa msingi wa kuchanganya ni zile ambazo kila moja hufyonza theluthi moja tu ya spektra: manjano, buluu nyepesi yenye kuelekea kijani, na ile nyekundu yenye kuelekea waridi na zambarau. Ndizo wanazotumia wapiga chapa pamoja na wino mweusi. Nyekundu, manjano na buluu za boksi la shule ni makadirio tu ya hizo, na ndiyo maana mwanafunzi akichanganya nyekundu yake na buluu yake hupata tope badala ya zambarau, akajilaumu kwamba hana mkono wa uchoraji. Hakukosea yeye, kanuni aliyopewa ndiyo iliyopungukiwa.

Jaribio la kuthibitisha haya halina gharama. Kata kisahani cha kadi, upake nusu manjano na nusu buluu iliyokolea, kitoboe matundu mawili karibu na katikati, upitishe uzi, ukizungushe kama kile kichezeo cha watoto kinachotengenezwa kwa kifuniko cha soda kilichopondwa. Darasa zima litatabiri kijani. Litaona kijivu. Rangi zile zile mbili, zikichanganywa koponi hutoa kijani. Zikichanganywa machoni hutoa kijivu. Kwa jaribio hili mwanafunzi huelewa kujumlisha na kutoa kwa nusu saa, jambo ambalo ukurasa wa kukariri hauwezi kumpa.

Mwalimu akumbuke pia kwamba huenda darasani mwake yumo kijana ambaye koni zake za aina moja hazifanyi kazi sawasawa. Hali hii huwapata wavulana kuliko wasichana, kwa kuwa jeni zake za kawaida hubebwa katika kromosomu ya X. Kijana huyo asicheke wala asichekwe anapokosea nyekundu na kijani. Weupe na weusi anauona kama wenzake, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia hapo.

RANGI NA JIRANI YAKE

Mwaka 1824 mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa usimamizi wa kazi za kutia rangi nyuzi katika karakana ya Gobelins mjini Paris. Yalimfikia malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo zilikuwa hafifu zilipofumwa pamoja na buluu na zambarau. Alizipima, akazilinganisha na nyeusi nyingine, akaona hazina kasoro. Kasoro haikuwa katika dawa ya rangi bali katika ujirani: rangi iliyoko kando hubadilisha jinsi tunavyoiona ile nyingine. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima juu ya kanuni hiyo, nacho kikasomwa na wachoraji vizazi vingi.

Huku kwetu kanuni hii inajulikana na kila mama anayechagua kanga. Anajua kwamba wekundu ukipakana na weusi huwaka, na kwamba kijani kile kile kinachopendeza juu ya nyeupe hupooza juu ya kahawia. Anajua kwa mazoea. Shule ingempa binti yake sababu na njia ya kujaribu. Kata vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu, ukiweke kimoja juu ya nyekundu na kingine juu ya kijani. Vitaonekana si ndugu: cha kwanza kitaelekea kijani, cha pili kitaelekea wekundu. Mchoraji asiyejua jambo hili atabadilisha rangi iliyo sawa, wakati anachopaswa kubadilisha ni jirani yake.

HOJA ZA WANAOPINGA

Watu wenye busara watanipinga kwa hoja nne.

Ya kwanza ni kwamba uchoraji ni kipaji: aliyenacho anacho. Sikatai kwamba watu hutofautiana. Lakini ngazi ya vijivu, kivuli cha yai na kisahani cha manjano na buluu havihitaji kipaji zaidi ya kile kinachohitajika kusoma kipimajoto. Hatumwambii mwanafunzi kwamba aljebra ni ya waliojaliwa tu. Kwa nini tumwambie hivyo juu ya kuona?

Ya pili ni gharama. Kweli, rangi za kununua ni ghali. Lakini watu waliochora katika miamba ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, hawakununua rangi dukani. Wekundu wa udongo wetu ni oksaidi ya chuma. Udongo wa manjano una chuma kilichofungamana na maji. Ukiukaanga juu ya jiko la mkaa maji hutoka nao hugeuka mwekundu, na hapo mwalimu wa Kemia amepata somo lake. Mkaa hutoa weusi, chaki iliyosagwa hutoa weupe. Saga udongo, uchekeche kwa kitambaa, uchanganye na gundi ya mgunga au kiini cha yai, nawe una rangi ya kutosha darasa zima. Rangi nne hizi ni chache, lakini uchache wake ni faida: humlazimisha mwanafunzi kutafuta nuru badala ya kutafuta kopo jingine.

Ya tatu ni kwamba elimu hii ya vivuli ni ya kigeni, ilhali sanaa yetu ina njia zake. Hoja hii naiheshimu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mng'ao kama zile za baiskeli juu ya mbao bapa, na wanyama wake hawahitaji kivuli cha Ulaya ili wapendeze. Si lazima kila picha iwe na kivuli. Lakini tazama picha zake kwa makini: nguvu yake iko katika jinsi umbo jeusi au lenye madoa linavyokaa mbele ya rangi bapa inayolipinga. Huo ni ujuzi wa weupe na weusi, na wa rangi na jirani yake. Sheria za nuru hazina uraia. Anayezijua anaweza kuamua kuacha kivuli. Asiyezijua hana la kuamua.

Ya nne ni muda wa mtihani. Hapa jibu langu ni fupi. Mada ya mwanga imo tayari katika Fizikia. Muundo wa jicho umo katika Biolojia. Oksaidi zimo katika Kemia. Mfuatano wa kijiometri umo katika Hisabati. Sitaki somo jipya. Nataka walimu wanne wapange pamoja majuma machache ambayo mada hizo zinakutana juu ya karatasi moja.

WITO

Hatari ninayoiona ni kubwa kuliko picha mbaya. Tunalea vijana wanaoandika katika daftari kwamba kivuli ni cheusi huku kivuli cha buluu kimelala miguuni pao, na wanaoandika kwamba manjano na buluu ni kijani bila kuuliza manjano gani, buluu gani, na zimechanganywa vipi. Leo wanaandika hivyo juu ya rangi. Kesho wataandika hivyo juu ya mazao, juu ya maji ya kisima, na juu ya damu ya mgonjwa iliyo chini ya darubini, mahali ambapo tofauti ndogo ya rangi ndiyo habari yenyewe.

Basi kwako mwalimu ombi langu ni hili: muhula ujao, kabla hujaandika ubaoni majina ya rangi saba, wape wanafunzi mkaa, yai na dirisha. Nawe mwanafunzi, usingoje mwalimu. Toboa tundu katika kadi ya kijivu, toka nje saa nne asubuhi na tena saa kumi alasiri, utazame ukuta mmoja ule ule, uandike kila ulichokiona pamoja na saa yake. Ukifanya hivyo kwa juma moja, utakuwa na rekodi ya kisayansi, na utakuwa umeanza kuchora.